Namna ya kuangalia wanyamapori kwenye TV ukafaidi: mwongozo kamili kwa sisi wa Dar

Nyumba nyingi za Dar es Salaam, kipindi cha wanyama ni cha kujazia pengo. Mpira umeisha, tamthilia haijaanza, mtu anabonyeza rimoti mpaka anakutana na simba amelala chini ya mti. Anamwacha hapo, sauti chini, watu wanaendelea na mazungumzo yao. Dakika tano baadaye simba bado amelala, chaneli inabadilishwa. Kisha tunasema vipindi hivi vinaboa.

Haviboi. Ila vimetengenezwa kwa mtazamaji wa Uingereza au Marekani, mtu ambaye nyumbu na nyati kwake ni mamoja mpaka aelezwe. Sisi tunavipokea tukiwa na hasara moja na faida moja. Hasara ni lugha: karibu vyote vikubwa ni vya Kiingereza, na sebuleni si wote wanaokifuata Kiingereza cha haraka. Faida ni kwamba picha nyingi zimepigwa kwetu, kwenye majira tunayoyajua, katika nchi ambayo jirani yako wa Mbagala huenda alizaliwa kijiji cha pili kutoka hifadhini. Hatua zifuatazo ni za kuziba ile hasara na kuitumia ile faida.

Hatua ya 1: Anza na mfululizo wa familia moja

Mifululizo ya wanyama ni ya aina mbili kubwa. Ipo ya kuzunguka dunia: dakika tano barafuni, dakika tano jangwani, halafu unazamishwa baharini. Picha zake zinatoa macho, lakini kwa anayeanza inachosha, kwa sababu hakuna mnyama unayekaa naye ukamjua. Ipo na ile inayofuata kundi moja kwa miezi au miaka. Hiyo ndiyo ya kuanzia, hasa kama nyumbani kuna watu wa tamthilia. Kundi la simba lina kila kitu anachokitafuta shangazi kwenye tamthilia za Kituruki: majike ndugu walioshikamana, madume wageni wanaotaka kutwaa mji, na watoto wa dume lililopinduliwa ambao maisha yao sasa yako hatarini.

Mwaka 2018 BBC walitoa Dynasties, kila sehemu na ukoo wake: sokwe wa Senegal, simba wa Maasai Mara, mbwa mwitu wa Mana Pools kule Zimbabwe. Mwaka 2019 ukaja Serengeti, ambao wanyama wamepewa majina na toleo la Marekani linasimuliwa na Lupita Nyong'o. Huu wa pili umetiwa chumvi, lakini kwa kumkalisha kitini mtu asiyependa vipindi vya wanyama, sijaona mpinzani wake. Kwa vya humu nchini, TBC wana Tanzania Safari Channel, iliyoanza 2018.

Ukishachagua, anza sehemu ya kwanza uende nayo kwa mpangilio. Ukidaka sehemu ya nne katikati, utaona fisi tu. Hutajua kwamba ni yuleyule aliyefukuzwa na dada zake wiki iliyopita.

Hatua ya 2: King'amuzi au bando

Kwa king'amuzi, kabla hujalipia kifurushi hakikisha chaneli unayoitaka imo ndani yake mwezi huu, maana vifurushi hupangwa upya mara kwa mara. Angalia pia ratiba ni ya saa za wapi. Ratiba za mtandaoni nyingi zimeandikwa kwa saa za Afrika Kusini, ambao wako nyuma yetu kwa saa moja: 19:00 yao ni saa mbili usiku yetu, yaani umegongana na taarifa ya habari, na rimoti hiyo hutaipata. Ukikosa usijali, chaneli hizi hurudia vipindi mno, mara nyingi asubuhi inayofuata.

Kwa bando, piga hesabu kwanza. Netflix wenyewe wanakadiria kwamba saa moja ya ubora wa kawaida hula mpaka GB 1, na ya HD mpaka GB 3. Mfululizo wa sehemu sita za saa moja kwa HD unaweza kuondoka na GB 18. Kwa TV ya inchi 32 ubora wa kawaida unatosha kabisa. Kama programu unayotumia inaruhusu kupakua, pakua usiku ambapo bando ni nafuu, uangalie kesho yake.

Tahadhari moja kwa watu wa YouTube. Zile video fupi za simba anayemnyonyesha mtoto wa swala, au tembo anayemwokoa mtu mtoni na kumpungia mkonga, siku hizi nyingi ni kazi ya akili mnemba. Usizichanganye na mfululizo halisi. Kama video haitaji imepigwa wapi wala nani amepiga, achana nayo.

Na LUKU itazamwe kabla ya kukaa, si wakati duma ameshaanza kukimbia.

Hatua ya 3: Rekebisha TV

Hapa ni kazi ya dakika tatu. TV nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye hali inayoandikwa "Vivid" au "Dynamic", ambayo hukoleza rangi ili ishindane na taa za dukani. Nyasi za kiangazi za Serengeti, ambazo kweli zina rangi ya makuti makavu, zinageuka njano ya embe. Ingia kwenye mipangilio ya picha, weka "Movie" au "Cinema". Mwanzoni utaona kama giza limeingia. Baada ya kipindi kimoja hutataka kurudi. Tafuta pia kipengele chenye neno "Motion", kila kampuni ina jina lake, ukizime, kwani huifanya mbio ya mnyama ionekane laini kupita kiasi.

Feni huwezi kuizima Januari, basi igeuze isivumie kwenye spika. Kama dirisha linatazama magharibi, funga pazia.

Hatua ya 4: Weka ramani na kalenda karibu

Ramani yoyote ya Tanzania inafaa, hata ya kwenye simu. Kila mahali panapotajwa, panapo kwetu, wekeni kidole. Mkishafanya hivyo kwa vipindi vichache mtagundua sehemu ni zilezile: Ndutu, Mto Mara, Ngorongoro, Ziwa Natron ambako heroe wadogo huzaliana kwenye maji ya magadi yanayochoma ngozi, Gombe na Mahale kwa sokwe, Mafia kwa papa potwe.

Kisha funga picha na majira ya pwani. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na msimulizi wa London hawezi kukupa. Kaskazi ikivuma na Dar ikichemka, Januari mpaka Machi, nyumbu zaidi ya milioni moja wako kusini mwa Serengeti, upande wa Ndutu, na ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki chache tu, hasa Februari. Wanakwenda pale kwa sababu nyasi fupi za kusini zimeota kwenye udongo wa majivu ya volkano, wenye madini anayoyahitaji mama anayenyonyesha. Masika ikipita wanapanda kuelekea magharibi. Kusi ikishika na wewe ukitafuta shuka usiku, Julai mpaka Septemba, wako kaskazini wanavuka Mto Mara. Vuli ikikaribia wanaanza kurudi.

Ukiwa na hilo kichwani, picha ya mamba mtoni inakuambia mwezi. Ndama akionekana bado ana rangi ya kahawia hafifu, hajapata weusi wa wakubwa, unajua ni mapema mwaka. Na msimulizi akirukia "miezi imepita", wewe unajua ni mingapi na kundi limetembea kuelekea wapi.

Gombe nayo ina hadithi yake ya kamera. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki Oktoba 2025, alifika pale Julai 1960. Miaka michache baadaye akaletwa mpigapicha Hugo van Lawick, na zile filamu zake za sokwe wakitumia vijiti kuvua mchwa ndizo zilizouonyesha ulimwengu. Zaidi ya saa 100 za picha zake zilikaa kabatini kwa miongo hadi zilipotengenezewa filamu mwaka 2017. Ukiona sokwe wa Gombe kwenye picha zenye rangi ya kizamani, jua huenda unatazama kazi ya mtu aliyekaa Kigoma enzi za Tanganyika changa.

Hatua ya 5: Teua mtafsiri wa sebuleni

Bila mtafsiri, bibi atasinzia na watoto watashika simu. Na mtafsiri mbaya huua kipindi kuliko kukosekana kwake.

Mteue mmoja tu. Wakiwa wawili watabishana. Punguza sauti ya TV mpaka msimulizi asikike kwa mbali lakini mlio wa mnyama usikike. Kisha mtafsiri asitafsiri sentensi kwa sentensi, hatawahi. Aseme mambo matatu: huyu ni nani, anataka nini, kinachomzuia ni nini. Mfano, duma jike amejilaza nyasini:

"Bibi, huyu mama ana watoto wanne kule kichakani, hajala tangu juzi. Anamtaka yule swala aliyejitenga. Ila upepo unatoka kwake kwenda kwao, wanaweza kumnusa."

Basi, anyamaze. Kuanzia hapo bibi hana haja ya tafsiri. Ataanza yeye mwenyewe kumwambia duma azunguke upande wa pili.

Majina yawe sahihi, na hapa wengi tunalegea, kila chenye pembe tunakiita swala. Mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni ni swala tomi. Yule mwekundu anayeruka juu sana ni swala pala. Mwenye uso mrefu ni kongoni. Anayefanana naye lakini mweusi-mweusi mapajani ni nyamera. Mkubwa kama ng'ombe, mwenye ngozi ya shingo inayoning'inia, ni pofu. Mwenye mduara mweupe matakoni, karibu na maji, ni kuro. Ndege wanaoshukia mzoga ni tumbusi, tai ni mwingine. Yule ndege wa miguu mirefu anayetembea akikanyaga nyoka ni karani tamba. Wageni kama pengwini wasikusumbue, watajwe tu twende.

Wazee wapewe nafasi ya kukatiza. Dar ni mji wa watu waliotoka kila mkoa, na sebuleni kwako anaweza kuwepo babu aliyelima Rufiji, ambako miaka ya mwanzo ya 2000 simba walikuwa wakiua watu mashambani. Huyo akiona simba hasemi "mfalme wa pori". Simamisha picha, msikilize. Kama kipindi kinapita hewani na hakisimami, zima sauti kabisa, picha iendelee nyuma ya maneno yake.

Hatua ya 6: Mtafute mhariri

Ukiizoea hatua hii, kipindi kilekile unaweza kukiangalia mara tatu.

Anza na sauti. Wanyama hupigwa picha kwa lenzi ndefu kutoka mbali, na kwa umbali huo maikrofoni hainasi nyayo wala mfupa ukivunjika. Sauti nyingi za karibu hutengenezwa studio baadaye na watu wenye kazi hiyo. Hatua za dubu kwenye theluji zinaweza kuwa unga wa kastadi unaobonyezwa ndani ya soksi. Mfupa unaovunjika huenda ni bua la mboga. Si uongo wa kumnyima mtu usingizi, kwani duma kweli alikimbia, ila ulichokisikia hakikuwa yeye.

Kisha muziki. Jaribio: wakati wa mawindo, zima sauti dakika mbili. Utaona kwamba huku tumbo la wasiwasi limetulia, sasa unaona zaidi: masikio ya jike la simba, mguu ulionyanyuliwa na kusimama hewani, pundamilia mmoja ambaye ameshashtuka wakati wenzake bado wanakula. Rudisha sauti, na usikilize muziki unampendelea nani. Duma hupewa zeze na huruma. Fisi akitokea tu, ngoma nzito.

Kwa fisi tusiwalaumu Wazungu peke yao. Hadithi za bibi zetu pia zimemfanya mlafi mjinga. Lakini Hans Kruuk, aliyewafuatilia usiku Ngorongoro na Serengeti miaka ya 1960, alionyesha kwamba fisi madoa huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba Ngorongoro mara nyingi ni simba waliowanyang'anya. Asubuhi mtalii anakuta simba anakula, fisi wamemzunguka, anafikiri wezi ni wale waliozunguka. Msimulizi akiwaita fisi wadoezi, mtafsiri wa sebuleni ana ruhusa ya kumpinga.

Sasa vivuli. Chagua tukio kubwa, tuseme nyumbu kuvuka mto. Tazama kivuli cha mnyama wa kwanza kuingia majini: kama kiko chini ya tumbo, ni saa sita mchana. Picha inayofuata, mamba anaibuka, kivuli kirefu: jioni, au asubuhi, au siku nyingine kabisa. Angalia pia rangi ya maji na kina chake kwenye jiwe moja. Mvuko mmoja wa dakika nne kwenye TV unaweza kuwa umeshonwa kutoka mivuko kadhaa, kamera kadhaa, pengine miaka miwili. Vivyo hivyo kwa "mama" unayemfuata: akiwa na kovu sikioni, hakikisha kovu liko kwenye kila picha. Watoto wana macho makali kwa mchezo huu, watakushinda.

Ushonaji huo una mipaka, na iliwahi kuvukwa. Filamu ya Disney ya 1958 iliwaonyesha panya wadogo wa kaskazini wakijirusha majini kana kwamba wanajiua kwa makundi. Baadaye ikabainika kwamba tukio lilitengenezwa na wanyama walisukumwa. Mwaka 2011 BBC walijibu maswali mazito kwa sababu picha za watoto wa dubu wa barafu kwenye pango zilipigwa bustani ya wanyama, si porini, na msimulizi hakulisema hilo ndani ya simulizi. Kwa wanyama wanaozaliana chini ya ardhi, au wadudu, kupiga ndani ya chumba kilichoandaliwa ni kawaida. Mwanga ukiwa umetulia mno na kamera iko sentimita chache kutoka uso wa mnyama, jiulize aliingiaje.

Kwa hiyo usizime TV majina yakianza kupita. Mifululizo mingi mikubwa humalizia kwa dakika kama kumi za jinsi ilivyopigwa. Humo ndimo utaelewa, kwa mfano, kwamba mwindo mrefu wa mbwa mwitu wa Okavango kwenye Planet Earth ya 2006 uliwezekana kwa kamera isiyotikisika iliyofungwa kwenye helikopta, ikipiga kutoka mbali kiasi cha kutowasumbua.

Hatua ya 7: Uliza watu wako wapi

Tazama sehemu nzima ya Serengeti uhesabu binadamu. Mara nyingi ni sifuri. Hakuna askari wa wanyamapori, hakuna gari la watalii ingawa pale mtoni Julai hupangwa msururu, hakuna ng'ombe, hakuna barabara. Kamera imegeuzwa kidogo pembeni ili wasionekane.

Mtindo huu ni wa zamani. Mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege waliyoipaka milia ya pundamilia. Michael akafa Januari 1959 ndege hiyo ilipoanguka, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Filamu yao ilishinda Oscar mwaka uliofuata na ikaisaidia sana hifadhi kujulikana duniani. Lakini mwaka huohuo wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Mambo yote mawili ni kweli, na kijana wa kidato cha tatu anaweza kuyabeba yote mawili akielezwa. Mweleze wakati picha bado iko kwenye skrini.

Hatua ya 8: Watoto na damu

Usiwafunike macho kila simba anapokamata. Waambie mapema kinachokuja, mwache anayetaka kuondoka aondoke. Kinachowasumbua wadogo mara nyingi si damu, ni mtoto wa mnyama kupotezana na mama yake, kwa hiyo sehemu za namna hiyo ziwe za mchana, zisiwe za kwenda nazo kitandani.

Umeme ukikatika, wape zoezi: mjusi kafiri ukutani karibu na taa ya chaji. Wahesabu anarukia wadudu mara ngapi na anakosa mara ngapi. Baada ya hapo hawatauliza tena kwa nini simba anashindwa.

Hatua ya 9: Nenda ukaone

Kutoka Dar, Mikumi ndiyo rahisi zaidi. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, na abiria wa basi huona twiga, nyani na swala pala bure, tena kuna vibao vya faini kwa dereva atakayegonga mnyama. Ukitaka kuingia ndani, kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Beba kitambulisho cha taifa, na ulizia malipo kabla ya safari kwa sababu langoni hawapokei fedha taslimu. Saadani ni chaguo jingine, hifadhi inayogusa Bahari ya Hindi. Chukueni gari moja kwa familia mbili, mkubaliane mapema juu ya mafuta, mfike langoni alfajiri. Ikifika saa tano, jua likiwa kali, simba mtakayemkuta atakuwa amelala chini ya mti, na safari hii hakuna rimoti.